Nani Alimwona Yule Sungura? Kufumbua Mwisho wa Andhadhun

Kopo tupu limelala njiani. Kijana mwenye miwani myeusi anatembea peke yake, anapapasa njia kwa fimbo kama wafanyavyo wasioona. Anafika penye kopo. Fimbo inalichapa, kopo linaruka pembeni, naye anaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Filamu imekwisha.

Lile kopo limegombanisha watu tangu Oktoba 2018, Andhadhun ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya India. Kwetu limenigombanisha na binamu yangu, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba fimbo ya kipofu kugonga kopo si ajabu, ndiyo kazi ya fimbo. Mimi nasema fimbo ya kipofu hugonga kwa kutafuta, na ile ilipiga kwa shabaha. Kama hujaiangalia, iache makala hii kwanza, kaiangalie, kisha urudi. Siwezi kueleza mwisho wake bila kumwaga kila kitu.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni mtego. Kwa Kihindi, andha ni kipofu na dhun ni mahadhi. Ukiyaunganisha unapata mahadhi ya kipofu, na hilo linafaa kwa filamu ya mpiga piano. Lakini sikio la Mhindi linasikia pia andhadhundh, neno la kila siku lenye maana ya kufanya mambo ovyo, bila kutazama unapokanyaga. Sisi tungesema kwa pupa. Wengi wanaojaribu kuufumbua mwisho wanaanza na kopo, na ndiyo maana wanazunguka palepale. Mimi naanza na pupa.

Aliyeiongoza ni Sriram Raghavan, mtu aliyekwisha kuzungumzia tamaa kabla ya hapo. Katika Johnny Gaddaar ya 2007, wanaume watano wanachanga fedha za biashara ya magendo, na mdogo wao kuliko wote anaamua kuziiba. Pale mtazamaji anamjua msaliti mapema, na utamu wote ni kumtazama akihangaika huku wenzake wakiwa gizani. Katika Andhadhun, Raghavan ameugeuza mchezo ule. Safari hii aliye gizani ni wewe mtazamaji, na anayekushika mkono kukuvusha ndiye mwenye kutiliwa shaka.

Mbegu ya hadithi ilitoka Ufaransa, kwenye filamu fupi ya 2010 ya Olivier Treiner iitwayo L'Accordeur, isiyofika hata robo saa. Mtengeneza piano anajifanya haoni ili wateja wamhurumie, na siku moja anaingia nyumba yenye maiti. Filamu ile inakatika penye shingo: mtu anapiga piano, muuaji amesimama nyuma yake. Raghavan na waandishi wenzake wakachukua swali ambalo Mfaransa aliliacha likining'inia, wakalihamishia Pune, katika jimbo la Maharashtra, na kulijibu kwa zaidi ya saa mbili. Ilikuja kupata Tuzo ya Taifa ya filamu bora ya Kihindi, na Ayushmann Khurrana akapewa ya mwigizaji bora pamoja na Vicky Kaushal wa filamu nyingine.

Khurrana ni Akash, kijana anayepiga piano na kujifanya kipofu. Sababu anayoitoa ni ya kisanii: asipotumia macho, masikio yanakuwa makali. Huenda ni kweli. Lakini angalia anachokipata. Watu wanamwonea huruma, wanamlipa, wanabadilisha nguo mbele yake bila aibu, wanamfungulia milango ambayo kijana mwenye macho asingefunguliwa. Ana mpango wa kwenda London. Msichana anampenda, Sophie, ambaye baba yake ana mgahawa, na kazi anaipata humohumo. Huu ni wizi mdogo usio na polisi, nao ndio unaomfungulia mlango wa nyumba ya Pramod Sinha.

Pramod alikuwa staa wa miaka ya 1970 na sasa anaishi kwa kumbukumbu. Raghavan amempa nafasi hiyo Anil Dhawan, ambaye mwenyewe alikuwa mwigizaji wa miaka hiyohiyo, kwa hiyo anapotazama filamu zake za ujana, ni ujana wake kweli. Mke wake ni Simi, mdogo kwake sana, anayeigizwa na mwigizaji aitwaye Tabu. Pramod anamwalika Akash aje nyumbani apige piano, zawadi ya kumshtukiza mke siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Akash anafika. Simi hataki kumfungulia, ila jirani mzee, Bi D'Sa, yuko kizingitini anatazama, na kumfukuza kipofu mbele ya jirani kungezua maswali. Anamwingiza.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kama kuna dakika chache za sinema ya Kihindi ambazo ningemwonyesha mtu asiyeijua, ni hizi. Akash anakaa kwenye piano, anapiga. Kichwa amekielekeza hewani kama kawaida yake. Kisha sisi, pamoja naye, tunaona: Pramod yuko sakafuni, amekufa. Akash hawezi kupiga kelele. Hawezi hata kukosea noti moja, kwa sababu kipofu hana cha kumshtua. Anaomba kwenda msalani, na humo yumo mwanaume mwenye bastola. Anajisaidia, anarudi, anapiga tena. Nyuma yake Simi na yule mwanaume wanazungumza kwa ishara za mikono, wanafuta damu, wanaikunja maiti kwenye sanduku la safari, na muda wote huo muziki unazidi kupendeza. Wauaji wanageuka filamu bubu na mpiga piano ndiye anayewapa mahadhi. Mara ya kwanza nilicheka, nikajionea aibu, nikacheka tena.

Kuanzia hapo uzi unajiviringa. Akash anakwenda polisi kuripoti mauaji. Inspekta anayeletwa kumsikiliza ni Manohar, yuleyule wa msalani, mpenzi wa siri wa Simi. Akash anabadilisha maneno papo hapo: amekuja kulalamika kwamba paka wake ameuawa. Bi D'Sa anaanza kusema kwamba siku ile aliona mwanaume mlangoni, naye Simi anamsukuma kutoka ghorofani. Simi anamshuku Akash, anamtega, anamkamata, kisha anamtilia sumu. Akash anaamka na giza. Uongo wake umekuwa kweli.

Filamu nyingi zingeishia hapo, mdanganyifu kapata alichojifanya kuwa nacho, twendeni nyumbani. Raghavan yuko nusu ya safari tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowachanganya watu. Mimi naiona nyepesi ukiifuata kwa kuuliza swali moja kila mara anapoingia mtu mpya: huyu anauza nini?

Akash anawakimbia wauaji usiku, anazimia barabarani, anaokotwa na dereva wa bajaji aitwaye Murli na mwanamke anayeuza tiketi za bahati nasibu, Sakhu. (Hata hizi bajaji zetu za Dar es Salaam zimepata jina kutoka kampuni yenye makao yake Pune, kwa hiyo Murli yuko nyumbani kabisa.) Unadhani wasamaria wema wamepatikana. Wanampeleka kwa Daktari Swami, ambaye zahanati yake ni duka la figo. India ina sheria tangu 1994 inayokataza kuuza viungo vya binadamu, na daktari huyu anaishi kwenye ufa wa sheria hiyo: anawachukua wasio na mtu wa kuwaulizia. Kipofu aliyezimia barabarani ni mali safi.

Akash amelala kitandani, kisu kinakaribia. Afanye nini? Anauza alichobaki nacho, siri. Anawaambia anamjua mwanamke tajiri aliyeua mumewe, na kwamba wakimtisha watapata karor moja, yaani rupia milioni 10. Kwa hesabu zetu ni laki mia, na neno letu laki limetoka hukohuko. Macho yanawang'aa. Figo zinasamehewa kwa muda.

Sasa tazama mnyororo. Wanamteka Simi, wanamwitisha Manohar fedha. Murli na Sakhu wanaona karor moja ni ndogo ukiigawa, wanamfunga Akash pamoja na mateka wake mwenyewe na kwenda kuchukua mzigo peke yao. Manohar naye hana nia ya kulipa, anakuja na bastola. Murli anapigwa risasi, Manohar ananasa kwenye lifti na risasi yake mwenyewe inammaliza. Na begi lenye karor moja? Noti bandia. Watu wameuana kwa ajili ya karatasi.

Noti zile bandia ndizo ufunguo ninaoupenda, na sioni watu wakizitaja sana. Ndani ya filamu hii kila kinachouzwa kina kasoro. Upofu ni bandia, kisha unakuwa wa kweli. Ndoa ya Simi ni bandia. Inspekta anayechunguza mauaji ndiye mshiriki wa mauaji. Fedha ni bandia. Kitu pekee ambacho hakiwezi kughushiwa ni kilichomo mwilini: ini, figo, jicho. Ndiyo maana filamu inafungua kwa maandishi ya Kiingereza yenye utani, yanayouliza maisha ni nini na kujibu kwamba inategemea ini. Kwa Kiingereza neno la ini na la mtu anayeishi ni moja, kwa hiyo utani unakata pande mbili. Kwa Kiswahili haupiti, ingawa sisi nasi tuna heshima zetu kwa kiungo hicho: maneno machungu kwetu hukata maini.

Basi tumebaki na watatu, Akash kipofu, Daktari Swami, na Simi aliyefungwa ndani ya buti ya gari. Swami anaendesha. Anamwambia Akash amegundua kwamba Simi ana kundi adimu la damu, na kuna tajiri wa Uarabuni atakayelipa dola milioni 1 kwa ini. Na konea za Simi, ule utando angavu wa mbele ya jicho, atamwekea Akash ili aone tena. Dola milioni moja na macho, kwa mpigo. Mwenye kulipa gharama ni mwanamke aliyemuua mumewe, akamuua jirani, akampofusha Akash. Ni nani angemlilia?

Filamu inaruka miaka miwili. Tuko Kraków, Poland. Sophie anamkuta Akash akipiga piano mbele ya watu, fimbo mkononi, miwani usoni. Wanakaa, na Akash anamsimulia kilichotokea ndani ya lile gari. Naomba ushike hapo: kilichofuata baada ya ofa ya Swami tunakipata kutoka kinywani mwa Akash.

Anasema aliikataa ofa. Simi akazinduka ndani ya buti, akapiga kelele, Swami akasimama kumdunga sindano ya usingizi, Simi akamshinda nguvu na kumuua, akakaa yeye kwenye usukani. Akash, asiyeona, akadhani anayeendesha bado ni Swami, akaendelea kumsihi amwachie mwanamke huyo. Simi akamteremsha barabarani. Kisha akageuza gari ili amgonge. Palepale, mkulima mmoja alikuwa akimwinda sungura anayemlia kabichi. Risasi ikalia, sungura akaruka, akajibamiza kwenye kioo cha mbele, gari likapinduka, Simi akafa. Akash amesalimika kwa rehema ya sungura.

Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza unacheka, unakubali. Filamu ilikwisha kukuandaa: sekunde zake za kwanza kabisa, kabla hujamjua mtu yeyote, ni mkulima, shamba la kabichi na sungura mwenye jicho moja bovu. Binamu yangu anasema hapo ndipo ubishi unapofungwa. Sungura tumemwona kwa macho yetu, tangu mwanzo, Akash akiwa bado hajaanza kusimulia lolote. Kwa hiyo sungura ni wa kweli.

Ni hoja nzito. Mimi niliwahi kujibu kwamba kipofu aliyesimama kando ya barabara hawezi kujua habari za mkulima na jicho la sungura, kwa hiyo anatunga. Hoja hiyo nimeiacha. Filamu hii imejaa vitu ambavyo Akash hakuvishuhudia, kama mauaji ya Pramod na mambo ya Manohar na mkewe. Kamera ya Raghavan haijawahi kumfuata Akash peke yake, kwa hiyo kuona asichokiona si ushahidi wa uongo.

Ushahidi uko kwingine. Fimbo anayotembea nayo Akash kule Poland, kichwa chake kimechongwa sungura. Ukikubali hadithi yake, ni ukumbusho wa mnyama aliyemwokoa. Ukiikataa, ni mtu anayetunga hadithi huku akikishika mkononi kitu alichokitumia kuitungia. Halafu kuna hesabu za kawaida. Kijana aliyeachwa barabarani, haoni, hana fedha, ametajwa kwenye kesi yenye maiti kadhaa, amefikaje Ulaya, na nani kamlipia? Dola milioni 1 zinajibu swali hilo vizuri kuliko sungura. Na mwisho kuna kopo.

Daktari wa macho akiketi kati yetu angeleta pingamizi lake. Konea ni kama kioo cha dirisha, ukiibadilisha unatengeneza dirisha tu. Kama sumu aliyopewa Akash iliharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, konea mpya isingemsaidia kitu. Na kundi la damu halina uzito mkubwa kwenye konea, kwa kuwa konea haina mishipa ya damu; uzito huo uko kwenye ini. Filamu haisemi sumu ilikuwa gani wala iliharibu wapi, kwa hiyo Raghavan ameacha dirisha wazi, na mimi napita hapo.

Lakini kinachonifanya nisimame upande wangu hasa si fimbo wala kopo. Ni sungura mwenyewe. Tuliolelewa na hadithi za sungura na fisi tuna faida kidogo hapa. Kwetu sungura haokoi mtu. Sungura hudanganya, na hushinda kwa kusimulia: anamsimulia simba jambo lisilokuwepo, simba anaamini, anaangamia. India wana ngano ileile ya kale, sungura anampeleka simba kwenye kisima na kumwonyesha kivuli chake majini, simba anadhani ni mpinzani, anajitupa. Alimuua kwa picha. Mtu akimaliza kunisimulia mkasa wa damu, fedha na macho, kisha akaniambia aliyetatua yote ni sungura, mimi namtazama msimulizi kwa makini zaidi.

Filamu za Kihindi nilianza kuziangalia kibanda umiza, dijei akitafsiri kwa kipaza sauti. Dijei mzuri hatafsiri tu, anaongeza. Jambazi kwenye skrini anasema maneno mawili, dijei anampa sentensi sita na jina la mtaa wenu. Tulijua anaongeza na tulimpenda kwa hilo, ila tulijifunza mapema kutazama midomo ya waigizaji huku masikio yakimsikiliza yeye. Andhadhun inataka utazamaji wa namna hiyo. Akash ni dijei wa dakika za mwisho, na picha tunazoziona ni tafsiri yake.

Wanaotetea usafi wake huuliza: adanganye ya nini? Simi kafa, Swami kafa, polisi wako mbali, Sophie hana cha kumfanyia. Jibu liko kwenye neno la Sophie mwenyewe, na kwangu ndilo tukio lenye ubaridi kuliko mauaji yote ya filamu. Baada ya kusikia hadithi nzima, msichana huyu, mtu pekee ambaye tangu mwanzo hakuwa akiuza chochote, anamwambia Akash kwamba angekubali ofa ya daktari. Angechukua macho ya Simi. Anasema kwa utulivu, kama anayeshauri bei ya nyanya. Akash anasikiliza, hajibu la maana, wanaagana.

Kwa hiyo alimficha mtu ambaye angemkubalia. Alijivisha usamaria mbele ya mtu asiyemdai usamaria, akamtungia sungura mtu ambaye angelipokea ini. Anasimama, anachukua fimbo yake yenye kichwa cha mnyama, anatoka nje, mgongo umetugeukia. Sophie hayupo. Hakuna anayemtazama ila kamera. Mbele yake, njiani, kuna kopo.